Mashine yenu imeniulia vitoto 11

Wete, Pemba
3 Machi 2025

Kwa Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ufugaji,
Mjini Unguja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUTOTOLEA MAYAI

Assalaam alaykum.

Disemba nilinunua kwenu mashine ya kutotolea kwa shilingi 380,000. Sikumficha kijana wenu wa mauzo: siitaki kwa kuku. Nafuga nyoka kwa kibali, na jike langu ni nyoka wa nyumba, yule wa kahawia asiye na sumu anayekula panya. Mayai yake yanataka nyuzi 28, si 37 na ushei kama ya kuku. Akanijibu, "Weka nyuzi unazotaka, itashika hizo hizo." Kwa neno hilo nikatoa pesa.

Tarehe 12 Januari jike akataga mayai 11. Trei ya kugeuzia niliitoa, maana yai la nyoka halipinduliwi. Kitoto hujishika upande mmoja wa ganda, ukiligeuza unaweza kumuua. Kila yai nililitia alama ya penseli juu, nikayalaza ndani ya kopo lenye usumba wa nazi, umelowa lakini ukiukamua hautoi tone. Siku 40 nikayakagua asubuhi na jioni.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 22 Februari, umeme ulikatika. Uliporudi, mashine ikasahau nyuzi zangu, ikarudi kwenye 37.8 za kiwandani. Mimi nilikuwa mjini Mkoani. Nimefika nyumbani baada ya alasiri, nakuta mayai yamenywea, maganda yamekunjamana, alama zangu za penseli zimejikunja nayo.

Siku ya tatu yalianza kunuka, nikapasua moja. Ndani mlikuwa na nyoka aliyetimia, mwembamba kama penseli, rangi imeshaingia, na ule mstari mweupe upitao jichoni unaonekana wazi. Zilibaki kama wiki tatu. Yote 11 yalikuwa hivyo hivyo.

Umeme kukatika silaumu mtu. Kupoa kwa saa chache mayai yangestahimili. Kilichoyaua ni joto la mashine yenu. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Hiyo ni ya kuku." Mbona hayo hayakusemwa nilipokuwa na pesa mkononi? Karatasi ya maelekezo nayo haina hata neno moja kwamba umeme ukirudi lazima mtu aseti upya.

Nataka pesa zangu zote. Mashine nitaituma kwa boti, nauli juu yenu. Na kila anayenunua mashine hii aambiwe kabla ya kulipa kuwa haihifadhi nyuzi. Kuna watu wataharibikiwa kama mimi bila ya kujua sababu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Naambatanisha risiti, na picha ya kioo cha mashine kama nilivyokikuta, kikisoma 37.8.

Mteja wenu,
Mfugaji, Wete