Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitakaa zaidi kwenye safari ya Soni, kule milima ya Usambara, maana ndiyo iliyozua maneno.

Tarehe niliichagua mimi. Wenyeji waliniambia Pasaka huko Usambara ni masika matupu, nikang'ang'ania kwa sababu ya sikukuu. Tulitoka Tanga na jua, tukachemka Mombo, kisha kosta ilipoanza kupanda zile kona, madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Waliokuja na makobazi wanajua kilichowapata kwenye tope. Pale Irente, ukingo wa mlima watu wanapokwenda kutazama, badala ya tambarare ya Mazinde iliyoko chini, tuliona ukungu na migongo ya wenzetu.

Soni yenyewe haikutuangusha. Maporomoko yalikuwa yamefura, yananguruma hadi barabarani. Bondeni, matuta ya kabichi na karoti yanafika ukingoni mwa maji, na kina mama wanapandisha mizigo kichwani, mboga ambazo nyingi huishia masoko ya Dar es Salaam. Wachache walipanda hadi Vuga, iliyokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi waliowatawala Wasambaa, akiwemo Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862. Walirudi wakisema adui wa enzi hizo lazima alifika amechoka tayari.

Sasa jambo la aibu. Baadhi yetu tuligawa pipi kwa watoto njiani. Kesho yake asubuhi bibi mmoja alitukuta kwenye kijia kile kile, jembe begani. Tukamwamkia, akaitikia "onga makeo", salamu ya Kisambaa, akafungua kona ya khanga na kunikabidhi makaratasi ya pipi, yamekunjwa vizuri, bado yana umande. "Mlisahau mizigo yenu," akasema, akashuka shambani. Sikupata la kujibu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza: pipi basi. Ujira wa vijana wanaotuongoza tuelewane nao kabla ya kuanza kutembea, si kuvutana jioni kila mtu akiwa na njaa kama mara hii. Chakula tununue kwa mama lishe wa pale pale, tuache kubeba mapoti kutoka Tanga. Na tulale usiku 2, maana bonde lile halionekani kwa kupitia.

Safari ijayo ni Septemba, kiangazi. Michango ipokewe na mhazini mwisho wa Julai. Viatu viwe vya kufunga kamba.

Mwenyekiti