Wastani mzuri wa chanjo unaficha surua

Mhariri,

Husemwa mara nyingi, hata na watu waliosoma, kwamba surua ni ugonjwa wa umaskini na kwamba nchi zenye fedha zilishamalizana nao. Mwaka 2025 ulionyesha vingine. Kanada, iliyohesabiwa kuwa imetokomeza surua tangu 1998, ilipoteza hadhi hiyo Novemba 2025 baada ya maambukizi ya virusi vya aina moja kuendelea kwa zaidi ya miezi 12 na wagonjwa kupita 5,000. Huko Texas, Marekani, mlipuko ulioanzia kaunti ya Gaines mwezi Januari uliwapata watu 762 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha Agosti 18. Watoto wawili wa umri wa kwenda shule walifariki, na hakuna kati yao aliyekuwa amechanjwa. Chanjo ilikuwepo, na nchini humo mtoto asiye na bima huipata bure.

Kinachoziangusha nchi hizi ni kuridhika na wastani. Mgonjwa mmoja wa surua akiwa kati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18. Virusi hubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka, naye huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, wakati bado anadhaniwa ana mafua tu. Ndiyo maana hutakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe na dozi mbili. Sasa chukua shule kumi zenye wanafunzi sawa: tisa zimechanja asilimia 98, ya kumi asilimia 60. Wastani wake ni 94.2. Ofisa anayesoma taarifa hiyo mezani ataona imebaki kidogo tu kufikia lengo, kumbe katika shule ile moja watoto 40 kwa kila 100 hawana kinga, tena wanakaa darasa moja na kusali pamoja. Gaines ilikuwa hivyo hasa. Karibu asilimia 18 ya watoto wa chekechea walikuwa na ruhusa ya kutochanjwa, wakati kwa taifa zima ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 3.

Wengi hulaumu uvumi, na uvumi upo kweli. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, naye akaondolewa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza, lakini hofu aliyoipanda haikufutika. Hata hivyo, kuwaita wazazi wote wakaidi ni kosa. Huko England, watoto wanaofikisha miaka 5 wakiwa na dozi zote mbili hawafiki 85 katika kila 100, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni mambo ya kawaida kabisa: familia imehama na kumbukumbu hazikuifuata, nafasi ya kumwona nesi iko saa za kazi, barua ya kukumbushwa imeandikwa kwa lugha ambayo mama hasomi. Haya hayatibiwi kwa faini.

Sheria nayo ina kazi yake, ila inavuja isipofuatiliwa. California ilifuta ruhusa za imani binafsi kuanzia Julai 2016, na chanjo zikapanda. Ndani ya miaka miwili, ruhusa za kitabibu ziliongezeka zaidi ya mara tatu, kwa kuwa baadhi ya madaktari waliziandika kwa wepesi. Ikabidi mwaka 2019 itungwe sheria nyingine: daktari anayetoa ruhusa 5 au zaidi kwa mwaka hukaguliwa, na vilevile shule iliyo chini ya asilimia 95. Hapo ndipo walipolenga vizuri, kwa sababu walianza kuhesabu shule kwa shule.

Mlipuko ukishaanza, muda ni mfupi. Asiye na kinga aliyekaa na mgonjwa achanjwe ndani ya saa 72. Kwa mtoto mchanga au mjamzito asiye na kinga, hutolewa sindano ya kingamwili ndani ya siku 6. Asiyepata lolote abaki nyumbani siku 21. Vitamini A ni tiba ya kumsaidia aliyekwisha kuugua: mwenye mwaka 1 na zaidi hupewa yuniti 200,000 kwa siku, siku mbili mfululizo, mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, chini ya hapo 50,000, yote chini ya uangalizi wa tabibu. Haizuii maambukizi. Texas walipokelewa hospitalini watoto waliopewa vitamini A kupita kiasi, baadhi yao kama kinga, na ini lao lilikuwa limeanza kuathirika.

Jambo hili linawagusa pia ndugu zetu wanaohamia huko na watoto. Tanzania na Kenya huchanja surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18, na kwetu ni sahihi, kwa kuwa huku ugonjwa humfikia mtoto mapema. Lakini Marekani na Uingereza hazihesabu dozi iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo mtoto mwenye dozi zote mbili kwenye kadi ya kliniki atahesabiwa ana moja, na atahitaji nyingine, iliyopishana na ile ya miezi 18 kwa siku zisizopungua 28. Asiye na kadi huenda akaanzishiwa upya kabisa. Mzazi aipige picha kadi pande zote, tarehe zisomeke, kabla ya kufunga mizigo.

Mtaalamu wa afya ya jamii,
Dar es Salaam