Sista Irene na wapagazi

Mpendwa Mama Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba jumuiya imekupa wewe kazi ya kumzungumzia Mwenyeheri Irene Stefani ifikapo tarehe 31 Oktoba, siku aliyofariki. Unauliza uanzie wapi. Nakusihi usianze na sherehe ya Nyeri, Kenya, ya Mei 23, 2015, alipotangazwa mwenyeheri, hata kama aliyeiongoza kwa niaba ya Papa ni Kardinali Pengo wetu. Anza na Kariakoo.

Hapo kwenu Dar es Salaam kila mtu analijua soko, ila si wengi wanaojua kwamba jina lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lililolainishwa na ndimi zetu. Malori yalikwama kwenye tope, punda na ng'ombe wakafa kwa mbung'o, basi mzigo ukarudi kichwani mwa mtu: kilo 20 na zaidi, siku hadi siku. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao si kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi.

Waeleze akina mama habari ya unga, wataelewa papo hapo. Wengi wa wapagazi hawakuzoea kula mahindi kila siku. Wakapewa unga uliosagwa ovyo, wenye makapi na chenga. Unga wa namna hiyo unataka maji ya kutosha, kuni za kutosha na muda wa kutokota. Sasa mtu amefika kambini giza limeingia, kuni zimelowa, sufuria wanaisubiri wenzake: anakoroga kidogo, anakula ukiwa mbichi. Tumbo linakwanguka na kuanza kuhara, na maji ya kambi yakiwa machafu, damu haichelewi kuonekana.

Watu hao ndio aliowakuta Sista Irene. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafunga nadhiri katika Shirika la Masista Wamisionari wa Konsolata Januari 1914, akafika Kenya mwanzoni mwa 1915. Kisha akatumwa kwenye hospitali za wapagazi: Voi, na baadaye huku kwetu, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam.

Usiseme tu kwamba "aliwahudumia wagonjwa", maana neno hilo halioneshi kitu. Mgonjwa wa kuhara damu anajichafua mara kumi, ishirini kwa siku. Kila mara anaoshwa, anakaushwa, anageuzwa ubavu. Akiachwa alale upande mmoja kwenye unyevu, ngozi ya kiunoni inachubuka na kuwa kidonda kipya. Maji anapewa kwa kijiko. Ukimpa kikombe kizima anakitapika chote, lakini kijiko kimoja, ukangoja dakika moja au mbili, kisha kingine, kinakaa. Ule mchanganyiko tunaoujua leo, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ulikuwa bado haujulikani. Antibiotiki hazikuwapo. Uhai wa mtu ulitegemea nani ana subira ya kukaa naye na kijiko.

Vidonda vya miguu navyo vilikuwa na taabu yake. Kitambaa kikikauka juu ya kidonda, ukikivuta kinang'oka na ngozi changa iliyoanza kuota, unarudi mwanzo. Lazima ukiloweshe kwa maji ya uvuguvugu na ungoje kiachie chenyewe. Wodi ikiwa na mamia ya watu, hapo ndipo mikono yenye haraka inapoharibu.

Watakuuliza kuhusu ubatizo, kwa kuwa alibatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Jibu bila kuzungukazunguka: penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, kwa maji na kwa maneno ya Utatu, akikusudia lile linalokusudiwa na Kanisa, lakini mtu mzima lazima awe ametaka mwenyewe. Ndiyo maana kujifunza lugha kulikuwa sehemu ya uuguzi wake.

Miaka ya Gikondi, misheni ya huko Nyeri, 1920 hadi 1930, unaweza kuipitia kwa kifupi: shule, wagonjwa vijijini, milima ya kupanda na kushuka kwa miguu. Usiache barua, lakini. Wazazi wasiojua kusoma walimjia awaandikie watoto wao waliokwenda mbali kutafuta kazi, na majibu yakija anawasomea. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma.

Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyepatwa na tauni. Tauni hubebwa na viroboto wa panya, na ikishuka mapafuni huambukizwa kwa kikohozi. Anayemwinua mgonjwa ili apumue anakuwa uso kwa uso nayo. Antibiotiki ya kuitibu ilipatikana zaidi ya miaka 10 baadaye. Alijua anachokikaribia, akaingia. Alifariki akiwa na miaka 39.

Siku hiyo nenda na bakuli la unga wa chenga, wakina mama waushike kwa vidole kabla hujasema lolote. Nisalimie Baba Neema na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini