Barua kwa mdogo wangu anayetaka kusoma fizikia ya nadharia

Mdogo wangu,

Tangu ile sikukuu ya Idi nyumbani kwa shangazi, sijatulia. Uliulizwa utasomea nini, ukajibu fizikia ya nadharia, sebule nzima ikanyamaza. Kisha mjomba akauliza: "Yaani kazi yako itakuwa kukaa na kufikiri tu?" Ukainamisha kichwa. Nami nilikaa kimya, ilhali nilipaswa kukusemea.

Ningemweleza habari za nyumba moja iliyoko barabara ya Blegdamsvej, Copenhagen. Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark, aliifungua Machi 1921, iwe taasisi ya fizikia ya nadharia ya chuo kikuu cha huko. Jina lilikuwa la nadharia, lakini ndani mlikuwa na maabara pia, ili mawazo yasikae bila kupimwa.

Wakati huo jedwali la elementi lilikuwa na pengo katika nafasi ya 72. Wengi waliamini elementi hiyo imejificha katika kundi la metali zinazofanana sana, ziitwazo metali adimu. Bohr akazipanga elektroni za atomi tabaka kwa tabaka, kalamu mkononi, akaona kundi la metali hizo linaishia 71. Ya 72 lazima ifanane na metali nyingine, zirkoni. Basi itafutwe humo! Dirk Coster na George de Hevesy, waliokuwa palepale kwenye taasisi, wakayapima madini ya zirkoni kwa eksirei. Desemba 1922 Bohr alikuwa Stockholm kwa ajili ya Tuzo ya Nobel. Muda mfupi kabla hajatoa mhadhara, simu ikaingia: imepatikana. Akaitangaza mle mle ukumbini. Wakaiita hafni, kutokana na Hafnia, jina la Copenhagen kwa Kilatini. Huko kukaa na kufikiri ndiko kulikoonyesha ni jiwe gani la kupekuliwa.

Halafu lile ulilonong'oneza jikoni tukiosha vyombo, kwamba unaogopa kusahihishwa mbele za watu. Mwanzoni mwa 1927 Bohr na Werner Heisenberg, mwanafizikia kijana wa Ujerumani, walibishana usiku hata usiku, mpaka wakachoshana. Bohr akaenda Norway kuteleza kwenye theluji. Heisenberg, akiwa peke yake, akaipata kanuni ya kutokuwa na uhakika: kwamba huwezi kujua kwa usahihi kamili mahali ilipo chembe na mwendo wake kwa pamoja. Bohr aliporudi akaisoma, akakuta kasoro kwenye mfano wa hadubini ambao Heisenberg aliutumia kuieleza. Heisenberg mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilia. Lakini makala ilipochapwa, mwishoni alikuwa ameongeza maelezo ya kukiri masahihisho ya Bohr. Nyongeza ile fupi naipenda kuliko hesabu zote zilizoitangulia.

Ndiyo maana sitaki ujifungie chumbani na vitabu. Nenda penye watu watakaokubishia. Kigali ipo taasisi ya utafiti wa msingi ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyoanza 2018 ikishirikiana na kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, alichokiasisi mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, mwaka 1964. Ukimaliza shahada ya kwanza, waombe nafasi. Nauli niachie mimi.

Na Ijumaa, baada ya swala, nitapita kwa mjomba.