Mwaka wa Ndururu: Taarifa ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanya sarafu,

Mkutano uliopita mlikubali ombi langu kwamba mwaka mzima tushughulike na ndururu peke yake, ile senti tano ya Afrika Mashariki yenye tundu. Wachache walinung'unika: sarafu ya kununulia karanga ina nini cha kuzungumzwa? Haohao ndio waliokuwa wa mwisho kutoka ukumbini kila tulipokutana.

Tulianzia na nyeupe ya nikeli ya mwaka 1920, ya zama fupi za florini, fedha iliyotangulia shilingi. Shilingi ilipoingia 1921, ndururu ikawa ya shaba, na hiyo ndiyo wazee walikuwa wakiitunga kwenye kamba. Upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu, upande wa pili taji limekaa juu yake.

Kazi hasa ilikuwa kusaka kwa kioo cha kukuzia herufi ndogo zinazoonyesha sarafu ilipigwa wapi. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham. I ni Bombay, SA ni Pretoria. Hizo mbili za mwisho ni za miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkishaona herufi, someni na jina. Mfalme George wa Sita kwanza anatajwa pamoja na ukaisari wa India. Kuanzia 1949 cheo hicho hakipo tena, India ilikwisha jitawala.

Iliyotupotezea muda kuliko zote ni ya 1936 ya Edward wa Nane, aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huo kabla hajavishwa taji. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni, ila huku kwetu watu walinunulia vitu kwa jina lake. Sarafu yenye tundu haibebi sura, jina lilitosha. Lakini msidanganywe na wauzaji: zilipigwa kwa mamilioni, si adimu hivyo.

Mwenzetu mmoja alileta yake, ya KN, ameisugua kwa limau na majivu mpaka inang'aa kama sufuria mpya. Sikumgombeza mbele za watu, ila nilirudi nyumbani nimenuna. Rangi ya shaba iliyokomaa ikishatoka hairudi, na thamani huondoka nayo.

Ya 1964 haina jina la mfalme wala malkia. Miaka miwili baadaye Tanzania ikatoa senti tano yake ya pembe kumi na mbili, ina samaki, tundu hakuna.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mwaka ujao napendekeza senti kumi. Zileteni na uchafu wake.