Vitasa vya milango ya buti vinakatika na msiniambie tena sijatunza

Kwa watu wa huduma kwa wateja, na kama inawezekana yule anayehusika na spea na waranti asome mwenyewe asisimuliwe.

Habari za kazi. Naandika kuhusu hii motohomu, gari la kulala safarini, niliyonunua kwenu, namba ya chesisi na namba ya oda mnazo kwenye faili langu ila najua mtaniuliza upya kama kawaida yenu. Shida ni ile ile, vitasa vya milango ya buti za pembeni, yale makabati ya chini tunakoweka mipira ya maji, jeki, meza za kukunja na makorokoro mengine. Kitasa kimekatika tena, safari hii ni ule mlango mkubwa wa kulia, na jibu mlilonitumia kwa imeili ni mistari miwili tu, kwamba sijafanya matengenezo kwa hiyo waranti haihusiki.

Jamani, matengenezo yapi? Kitabu mlichonipa na gari kina sentensi moja kuhusu hivi vitasa, inasema pulizia kilainishi mara kwa mara, basi imeishia hapo. Kilainishi gani hakisemi, mara kwa mara ndo lini hakisemi, unapulizia kwenye tundu la ufunguo au kwenye makucha ya ndani au wapi, hakisemi. Na fundi wenu mwenyewe nilipoleta gari alichukua kopo la WD-40 akapuliza kila mahali mpaka ikachuruzika mlangoni akaniambia tayari bosi. Kila anayeshika spana anajua ile inafukuza maji na kulegeza kutu, ulainishi inaouacha ni kidogo na haukai. Mimi ninachofanya ni hiki: nasugua vumbi kwanza kwa mswaki wa zamani, napaka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo kwenye makucha na kwenye egemeo lake, kwenye tundu la ufunguo naweka unga wa grafaiti peke yake maana ukiweka grisi mule inakamata vumbi inageuka tope na ufunguo unaanza kukwama, alafu mpira wa kuzunguka mlango naupitishia silikoni ili usigande kwenye fremu. Sasa kati yangu na nyie nani hajatunza?

Nilikitoa kitasa mwenyewe nikakifungua mezani, picha nimeambatanisha naomba mziangalie kabla hamjanijibu. Mnajua kinavyofanya kazi lakini wacha niseme ili tuelewane. Hendeli iko katikati, nyuma yake kuna mkono mfupi, kwenye huo mkono zimefungwa rodi mbili moja inaenda kushoto nyingine kulia, na mwisho wa kila rodi kuna makucha yanayong'ata pini iliyofungwa kwenye fremu. Ukivuta hendeli mkono unazunguka, rodi zinavutika, makucha yanaachia. Kilichokatika ni ule mkono, pale pale kwenye tundu la rodi. Picha ya pili ikuzeni muone: sehemu iliyokatika ina chembechembe za kijivu kama sukari na haijapinda hata kidogo. Ingekuwa bamba la chuma lingepinda kwanza, lingenipa dalili, ningelinyoosha au ningebadilisha mapema. Hii ni zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, inavumilia inavumilia alafu inakatika ghafla. Na tundu lenyewe limelika upande mmoja, maana yake rodi ya chuma imekuwa ikilisaga muda mrefu.

Alafu kuna zile klipu za plastiki zinazoshika rodi isichomoke. Zilikuwa nyeupe, sa hivi ni za njano, moja nimeibonyeza kwa ukucha tu ikapasuka. Klipu ikipasuka rodi inachomoka, upande mmoja wa mlango unafunga na mwingine hauna kitu, na kwa nje huwezi kujua kwa sababu hendeli inarudi mahali pake vizuri tu. Nimewaomba mniuzie klipu peke yake mkasema haiuzwi, ninunue seti nzima, hendeli, silinda ya ufunguo, rodi na makucha yote. Yaani kwa kipande cha plastiki cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba mnataka nibadilishe kitasa kizima, na kitasa chenyewe kinakuja na klipu ile ile na mkono ule ule wa zinki, kwa hiyo tunarudi pale pale.

Ila hata hiyo zinki isingekatika kama mlango ungefungwa vizuri tangu kiwandani, na hapa ndo penye hoja yangu kubwa. Pini za kwenye fremu zimeingizwa ndani mno. Ili makucha yashike lazima uusukume mlango kwa goti au uubamize, na ukitaka kufungua lazima mkono mmoja uusukume ndani huku mwingine unavuta hendeli kwa nguvu zote. Nguvu zote hizo zinaishia kwenye kale kamkono. Jaribuni wenyewe na karatasi: weka kipande cha karatasi kwenye mpira, funga mlango juu yake, kisha kivute taratibu. Kinatakiwa kitoke kwa ubishi kidogo. Kwenye mlango huu chini kinachanika, kona ya juu kinateleza tu hakuna kinachokishika, maana yake mlango haujakaa sawa kwenye bawaba na kitasa ndo kinalazimishwa kuuvuta ukae sawa. Hiyo sio kazi ya kitasa.

Milango mingine nimeirekebisha mwenyewe. Nililegeza nati ya pini, nikaitoa nje kama milimita 2, nikajaribu na karatasi pande zote, nikakaza kwa ile gundi ya nati ya bluu ambayo bado inafunguka kwa spana. Sasa inafungwa kwa vidole viwili na maji hayaingii hata nikiimwagia kwa mpira. Mlango mkubwa umenishinda kwa sababu pini zake mmezipiga ribiti, haziendi mbele wala nyuma. Hapa naomba mtu wa ubunifu anieleze, mlango mdogo una pini ya kurekebisha na mlango mkubwa mzito ndo umewekewa isiyorekebishika, mlifikiria nini? Mlango wa alumini wa mita 1 joto likipanda nyuzi 40 unatanuka karibu milimita 0.9, sasa mlango wenu una rangi ya giza na unashinda juani, lazima utakuwa unakaza mchana unalegea usiku. Bila nafasi ya kurekebisha kitu lazima kikatike.

Na tusiongee kana kwamba ni usumbufu tu. Kitasa kilikatika nikiwa barabarani, upepo ukaingia chini ya mlango ukaunyanyua, na zile shokapu za gesi zinazoshikilia mlango ukiwa wazi, mlango ukishapita katikati zenyewe zinausukuma juu, kwa hiyo ukafunguka wote mpaka mwisho gari likiwa kwenye mwendo. Mimi kwenye kioo sikuona mapema, aliyenishtua ni dereva wa lori aliyekuwa nyuma kwa honi na taa. Mpira wa maji ulishadondoka barabarani. Angekuwa mtu wa pikipiki pembeni yangu sijui leo ningekuwa naandika barua ya aina gani. Mlango wa abiria wa gari lolote la kawaida una hatua mbili za kushika, ya kwanza ikikosa kuna ya pili inayouzuia. Makucha yenu yana hatua moja, na hakuna hata swichi ya kuwasha taa kwenye dashibodi kwamba mlango uko wazi.

Kuna mambo mengine madogo niyataje tu mradi nimeshika kalamu. Skrubu za chuma cha kawaida mmezifunga moja kwa moja kwenye fremu ya alumini, unyevu ukiingia alumini inaliwa, unga mweupe umeshatokea kuzunguka kila skrubu na mbili zinazunguka bure hazikazi. Na ufunguo wa hizi buti umeandikwa CH751. Huo ufunguo ni wa kawaida mno, unafungua buti za magari ya aina hii kibao na mtu yeyote anaununua bila kuulizwa chochote, kwa hiyo mliponiambia buti zina loki sielewi mlimaanisha nini. Silinda nimebadilisha kwa pesa yangu, hiyo siwadai, nawaambia tu mjue wateja wenu wanalala na milango ambayo jirani ana ufunguo wake.

Sasa ninachotaka. Mlango mkubwa mtume fundi au mnipe kibali nipeleke kwa fundi mwingine kwa gharama zenu, anyooshe bawaba kwanza kabla hajagusa kitasa, atoe pini za ribiti aweke za nati. Kitasa kipya kiwe na mkono wa chuma au stenlesi, kama hamna semeni hamna nitafute mwenyewe na mnirudishie hela, msinitumie tena seti ya zinki kwenye boksi jipya. Klipu nataka pakiti ya akiba. Skrubu mbadilishe ziwe za stenlesi zenye washa za nailoni ili kupunguza chuma kugusana na alumini. Na ile kauli ya kwamba sijatunza muifute kwa maandishi kwenye faili langu, kwa sababu najua ikibaki pale kesho shokapu ikifa mtanisomea hiyo hiyo.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo barua hii na picha zote zinaenda kwa wanaoshughulikia haki za walaji, na hapo hatutakuwa tunaongea kuhusu kitasa tu bali kuhusu mlango uliofunguka gari likiwa kwenye mwendo.

Kwa sasa mlango nimeufunga kwa mkanda wa kukazia mizigo, kwa hiyo fundi akija asishangae, na asiukate, una kifungo chake upande wa chini. Na tafadhali msinitumie tena ile fomu ya kuuliza nimeridhika na huduma kwa nyota ngapi.

Mteja wenu