Kabla kamati haijanunua vishikwambi

Handeni, Tanga.

Mpendwa rafiki yangu,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba wewe na familia hamjambo. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa harakaharaka: kamati ya shule imechangisha fedha za kununua vishikwambi kumi kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili, nawe kama mwalimu mkuu ungependa kujua kama fedha hizo za wazazi zitaleta tija.

Mimi nina kimoja tu, kile nilichopata walimu tulipogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na darasa langu la pili lina watoto 84. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakiinua juu ili wote waone picha, na waliokaa nyuma waliambulia mng'ao wa kioo. Baadaye nikabadili utaratibu. Wenzake wanapoandika, mtoto mmoja huja mezani kwangu akasoma kwa dakika moja, nami humrekodi. Kwa siku huwarekodi watano, na usiku, nikishamaliza kula, husikiliza.

Yuko binti mmoja ambaye kila muhula nilimwandikia kwamba anasoma vizuri. Usiku mmoja, nikisikiliza sauti yake, niligundua kwamba karatasi inasikika ikigeuzwa wakati maneno ya ukurasa unaofuata yameshamtoka mdomoni. Alikuwa amekikariri kitabu chote kwa kuwasikiliza wenzake. Kesho yake nilimpa aya ngeni, akakwama kwenye neno "kunywa". Nilimvalisha spika za masikioni, nikamfungulia programu ya silabi, akawa anaigusa "nywa" na kuifuatisha kwa sauti ya chini. Nilihesabu mara kumi na tisa. Mwalimu mwenye watoto 84 hawezi kumrudilia mtoto mmoja silabi moja mara kumi na tisa, na hata angeweza, mtoto mwenyewe angeona haya mbele ya wenzake. Leo anasoma aya asiyoijua, polepole na kwa kusitasita, lakini anasoma kweli.

Utakumbuka pia shindano la XPRIZE, la kimataifa, la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, lililofanyiwa majaribio hapa mkoani kwetu kuanzia mwaka 2017, ambapo watoto wa vijiji 170 walipewa kila mmoja kishikwambi chenye masomo ya Kiswahili, kikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani, hayo ni mafanikio makubwa, nami huyasifu kwa moyo wote. Hata hivyo huwafikiria sana waliosalia, ambao nadhani walihitaji mtu wa kukaa nao na kuwasikiliza mahali wanapokwama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mnunue sita badala ya kumi, na fedha zitakazobaki ziende kwenye paneli ya sola, makava magumu, spika za masikioni na kabati lenye kufuli. Chagueni programu zinazofanya kazi bila bando, maana somo linalosubiri mtandao watoto hulichoka upesi. Penseli na daftari visiwekwe kando, kwani nimeona watoto wanaoichora herufi vizuri kwa kidole juu ya kioo wakashindwa kuiandika kwenye mstari. Tena nakusihi sana, sauti za watoto zisitoke nje ya kifaa, wala zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, kwa sababu mtoto anayechekwa kwa kusoma vibaya hataki tena kufungua kinywa.

Kabla hamjalipa, mtume mwalimu wako wa darasa la pili aje akae nami siku tatu. Atalala kwetu, chumba kipo, na mke wangu ameshakubali. Nitamwachia kiti changu awarekodi watoto mwenyewe, kisha jioni tusikilize pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa tangu chuo cha ualimu.